Neno la Mhariri: Mteremko Kabla ya Mnara

Miongoni mwa maswali ambayo elimu ya maumbile imeyashughulikia kwa karne nyingi, ni machache yaliyoonekana mepesi kama lile la kitu kinachoachiwa mkononi kikaanguka, na makala za toleo hili zimekusanywa kwa imani kwamba wepesi huo ndio uliowapotosha wataalamu wa kale, na ndio unaowapotosha hadi leo wanafunzi wanaokariri kanuni ya mvutano bila kuonyeshwa jinsi ilivyopatikana.

Aristotle, aliyefundisha Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Si haki kumcheka, kwa kuwa yeyote anayeangusha jiwe na unyoya huona jambo linalofanana na alilolisema. Kosa lake lilikuwa kuchanganya mambo mawili, yaani uzito wa kitu na ukinzani wa hewa, ambao ni nguvu ya hewa ya kukizuia kitu kinachopita ndani yake, akayahesabu kama jambo moja. Mnazi unatosha kuyatenganisha. Nazi iliyokomaa na kidaka vikidondoka pamoja kutoka kimo cha mita 20, vyote viwili hutua baada ya sekunde 2 hivi, ilhali kwa hesabu ya Aristotle, ikiwa nazi ina uzito wa mara kumi ya kidaka, basi nazi inapogusa ardhi kidaka kingekuwa kimeshuka mita 2 tu.

Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa kabla jina la Galileo Galilei halijavuma. Simon Stevin, mhandisi aliyefanya kazi Uholanzi, alichapisha mwaka 1586 habari za matufe mawili ya risasi, moja likiwa na uzito wa mara kumi ya jingine, yaliyoangushwa kutoka kimo cha futi 30 hivi yakagonga ubao kwa mlio mmoja. Hata hivyo, hadithi inayopendwa shuleni ni ile ya Galileo akiangusha vitu kutoka juu ya mnara wa Pisa, ambayo iliandikwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani baada ya mwalimu huyo kufariki mwaka 1642, na ambayo wanahistoria wengi huitilia shaka. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa ujuzi ulipatikana kwa kishindo kimoja. Mnara unaweza kuonyesha kwamba Aristotle alikosea, lakini hauwezi kuonyesha jinsi kasi inavyoongezeka, kwa sababu kitu kinachoanguka wima humaliza safari kabla jicho, au saa za zama hizo, hazijaweza kukifuatilia.

Ukuu wa Galileo uko kwingine: aliuchelewesha mwanguko. Katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, alieleza jinsi alivyochonga mfereji mwembamba katika boriti, akautandika ngozi laini, akaiinua boriti upande mmoja kupata mteremko, kisha akaviringisha tufe la shaba huku akipima muda kwa maji yaliyochuruzika kutoka chombo kikubwa, maji ambayo baadaye yaliwekwa kwenye mizani. Baada ya kurudia jaribio mara nyingi sana, alithibitisha kwamba umbali hulingana na mraba wa muda, mraba ukiwa ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe: muda ukiwa mara 2, umbali huwa mara 4, muda ukiwa mara 3, umbali huwa mara 9. Maana yake ni kwamba kasi huongezeka kwa kiasi kilekile katika kila sekunde, na kiwango cha ongezeko hilo huitwa mchapuko. Karibu na uso wa dunia, mchapuko wa kitu kinachoanguka bila kuzuiwa ni takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, ndiyo maana nazi iliyotajwa hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, mwendo unaoweza kuua.

Kwa nini basi kizito hakitangulii? Jibu linadai yatenganishwe maneno mawili ambayo sokoni ni kitu kimoja. Kinachopimwa kwa kilo ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hakibadiliki popote kitu kiendapo. Uzito ni kani ambayo dunia hukivutia kitu hicho. Chenye tungamo mara kumi huvutwa kwa kani mara kumi, lakini pia ni kigumu mara kumi kukiongezea kasi, na mambo hayo mawili hufutana kabisa. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, pasipo na hewa, na vyote vikatua pamoja.

Walimu watakaolisoma toleo hili wanaombwa wasianze na kanuni. Ubao wa mita 2 wenye mfereji, ulioinuliwa kidogo upande mmoja, pamoja na gololi na saa ya simu, vinatosha. Mwanafunzi na aweke alama kwenye sentimita 20, 80 na 180 kutoka mwanzo, aiachie gololi, ahesabu. Ataiona ikizivuka alama hizo kwa vipindi vilivyo sawa.