Amarone: mlaji analipia nini?

Mvinyo mwekundu wa Amarone, utokao vilima vya Valpolicella karibu na jiji la Verona, kaskazini mwa Italia, huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya mvinyo wa kawaida wa eneo hilo hilo. Kwa upande wa mkulima, bei hiyo ina sababu. Kwa upande wa mlaji, sehemu kubwa ya thamani hupotea mezani, na lawama ni ya wauzaji.

Sababu ya bei ni mizani. Zabibu za Corvina, Corvinone na Rondinella zikishavunwa hazikamuliwi. Hutandazwa katika maghala yanayopitisha hewa, zamani juu ya matete, siku hizi zaidi kwenye makreti, zikanyauka kwa miezi 3 hadi 4. Maji hupungua, sukari hubaki. Kanuni huruhusu lita 40 tu za Amarone kwa kilo 100 za zabibu mbichi, wakati Valpolicella ya kawaida hufikia lita 70. Kisha mvinyo hukaa si chini ya miaka 2 kabla ya kuuzwa, na ule wa riserva miaka 4. Muda wote huo fedha za mzalishaji zimelala pishini.

Kilevi chake hakiruhusiwi kuwa chini ya asilimia 14, na chupa nyingi hufika 15 au 16. Hapo ndipo biashara inapopotoka. Amarone hunadiwa kwa nguvu zake, kama gari linavyonadiwa kwa injini, na mhudumu humpendekezea mteja yeyote mwenye fedha, hata aliyeagiza samaki au nyama yenye pilipili. Pilipili juu ya kilevi hicho huunguza kinywa. Samaki naye huacha ladha ya chuma. Mvinyo ukiletwa na joto la chumba cha kiangazi, pua hainusi kitu ila kilevi. Nyuzi 18 zinatosha, na kuiweka chupa kwenye friji kwa nusu saa si aibu.

Wenyeji wa Verona wanajua mahali pake. Wana pastissada de caval, nyama ya farasi iliyolazwa ndani ya mvinyo na vitunguu na viungo, kisha ikapikwa taratibu kwa saa nyingi. Asiyekula farasi atumie nyama ya ng'ombe; kanuni ni ile ile. Mafuta na mchuzi mzito hulainisha ukakasi wa mvinyo, na utamu wa kitunguu kilichoiva hukutana na ule wa zabibu kavu. Wana pia wali wa risotto uliopikwa kwa Amarone yenyewe, na jibini ya Monte Veronese iliyokomaa.

Katika kuonja, harufu ya cheri kavu, kakao na tumbaku hutangulia. La kungojea ni mwisho wake: uchungu kidogo, ambao ndio uliozaa jina, kutokana na neno amaro, ili kuutofautisha na ndugu yake mtamu, Recioto. Chupa inayoishia kwenye utamu mtupu haistahili bei hiyo, hata lebo ikisema nini.

Kwa meza nyingi Ripasso ingetosha. Hii ni Valpolicella iliyochachushwa tena juu ya makapi ya Amarone, na bei yake ni nafuu sana. Mikahawa huiweka chini ya orodha, kwani faida yake kwa chupa ni ndogo.

Uzalishaji wa Amarone umepanuka sana tangu miaka ya 1990, hata chama cha wazalishaji kimelazimika mara kadhaa kupunguza kiasi cha zabibu za kukaushwa ili kulinda bei. Mezani hakuna aliyemlinda mnunuzi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6. Watu 2 hawaimalizi kwa chakula kimoja, na bado mikahawa mingi haiuzi Amarone kwa glasi.