Kilo Mbili za Jiwe

Wasemao kuwa Kiswahili hakifai fizikia na wafike Kamembe, wilayani Rusizi. Tangu 2009 mwanafunzi wa huko hufanya mazoezi yake kwa Kiingereza. Aulizwapo uzito wa jiwe la kilo 2, hujibu: kilo 2. Kosa hilo si la hesabu. Sokoni kilo huitwa uzito, na hakuna aliyemweleza kwa lugha ya sokoni kwamba kilo hupima tungamo. Uzito ni kani, 2 mara 9.8, yaani nyutoni 19.6. Istilahi zipo: TUKI ilitoa kamusi ya fizikia mwaka 1990. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kisingizio kipi kimebaki? Walimu wenzangu, mwanafunzi na alieleze swali kwa Kiswahili kabla hajashika kanuni.