Mashine Haimwoni Aliyekula

Msomaji mpenzi, unamlaumu paka bure. Umenunua mashine ya kumpa chakula kwa saa maalumu, ukaenda zako kazini. Umerudi umekuta imepinduliwa, punje zimetapakaa sakafuni, nawe unamwita mwizi. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio yake: aliwafungia paka wenye njaa katika masanduku, chakula kikiwa nje. Walikwaruza na kuuma ovyo, hata mmoja akagusa kamba kwa bahati, mlango ukafunguka. Kadiri walivyorudishwa ndani, ndivyo walivyozidi kutoka upesi. Mashine yako ni sanduku lile lile, ila sasa kilichofungiwa ni chakula, na paka ana kutwa nzima ya kujaribu.

Hata hivyo, punje zilizomwagika si kitu. Wenye paka wawili, nisikilizeni. Mashine hupima chakula, haimwoni aliyekula. Hata ile inayofunguka kwa kusoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka, mbabe wa nyumba huweza kungoja mwenzake afunguliwe, kisha humsukuma na kutia kichwa chake. Mnyonge hukaa pembeni. Na paka, hasa aliye mnene, akikosa kula siku chache tu, mafuta huweza kulijaza ini na kumwua. Simu yako itakuarifu: mgao umetolewa. (Taarifa ngapi za serikali huandikwa hivyo!) Umetolewa, naam, kwa nani?

Walishe vyumba mbalimbali, milango imefungwa, nawe usiondoke hadi mnyonge amalize sahani yake.