Mnaondoka Watano, Anafika Mmoja: Hiyo Nayo Mnaiita Timu?

Wadau, kuna fasheni imeshika mjini na leo lazima tuiseme. Watu maarufu wanajikusanya watano sita, wanavaa tisheti za kufanana, wanaenda kupanda mlima au kukimbia mbio ndefu. Siku ya kuondoka tunapostiwa picha ya kundi zima: "Timu yangu, familia yangu." Siku ya kufika tunapostiwa picha ya mtu mmoja. Wengine wameishia wapi? Kimya. Ukiuliza unaambiwa una wivu. Sitaji jina, na msianze kutag watu, maana hii sio ya mtu mmoja. Ni tabia.

Mi nasema hivi: kundi linaloondoka pamoja halafu kila mtu anafika kivyake sio timu. Ni abiria wa basi moja.

Upo mchezo ambao ungewaumbua wengi mchana kweupe: mbio za timu za masafa marefu porini. Walioangalia ile Eco-Challenge ya Fiji kule Amazon mwaka 2020 wanaijua. Mbio zenyewe zilifanyika Septemba 2019. Timu 66 kutoka nchi 30, kilomita 671, siku 11, usiku na mchana. Unatembea msituni, unaendesha baiskeli, unapiga kasia, unapanda maporomoko kwa kamba. Njia unaitafuta kwa ramani na dira. New Zealand ndio waliobeba.

Lakini utamu wa mchezo uko kwenye sheria. Mnaingia wanne, jinsia zote lazima ziwepo, mnaenda pamoja na mnamaliza pamoja. Kama una mbio za swala, hongera, utamsubiri mwenzako. Muda wa timu ni muda wa yule wa mwisho kuvuka mstari. Kwa hiyo mwenye nguvu hapigi picha mbele, anarudi nyuma. Anachukua begi la aliyechoka analibeba pamoja na lake. Anafunga kamba ya mpira kiunoni, mwenzake anaishika, anavutwa mlima mzima. Hakuna anayeona aibu. Aibu ni kuficha kwamba umechoka mpaka ukaanguka, maana hapo umewaangusha wote.

Kule Fiji alikuwepo baba mmoja wa Kimarekani, Mark Macy, mkongwe wa mbio hizi, aliyekuwa amegundulika ana ugonjwa wa Alzheimer's. Aliingia na mtoto wake Travis kwenye timu moja. Hawakumaliza. Ila waulize watu walioangalia, wengi wanaikumbuka timu ile kuliko waliochukua ushindi. Kila hatua ilipangwa kwa kumwangalia mzee anawezaje.

Sasa turudi nyumbani. Ningekuwa na hela za wadhamini, mbio hizi ningezipeleka Kagera. Mnaanzia Biharamulo, pale kwenye Boma la Mjerumani. Mnachukua baiskeli mnaelekea Lusahunga, mnapita Nyakahura, mnaingia Ngara kwenye vilima visivyoisha, ukidhani umefika juu unakuta kingine kinakusubiri. Mnamalizia Rusumo, maji ya Ruvubu yakiwa yameshaingia mto Kagera kabla ya kuporomoka mpakani na Rwanda. Lusahunga hadi Rusumo peke yake kwa barabara ni kama kilomita 92, hapo hujaongeza njia za milimani. Jirani kuna Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, hapo ni ruhusa na askari, sio kujiingilia. Na mtoni tusidanganyane, viboko hawajui followers wako wangapi.

Kwa nini kule? Kwa sababu watu wa kule wanalijua somo hili bila Amazon. Madereva wa zamani wanakumbuka enzi za utekaji kwenye pori la Biharamulo, magari yakisubiriana yaondoke kwa msafara na kusindikizwa na polisi wenye silaha. Kwenye msafara huo lori bovu linalopumua kwa shida ndilo linaloweka mwendo. Basi jipya lenye haraka linatulia nyuma yake. Ukijifanya mjanja ukatangulia peke yako, ulikuwa unajua kinachokusubiri kwenye kona.

Halafu kuna machela. Kwenye milima ya ukanda ule, kabla bodaboda hazijafika, mgonjwa au mama mwenye uchungu alibebwa mabegani na majirani mpaka hospitali. Wanapokezana, mmoja akichoka anasema, mwingine anaingia, machela haigusi chini. Hebu niambie, kwenye safari ile nani anakuwa "wa kwanza kufika"? Hakuna. Akifika mgonjwa mmefika. Asipofika, mbio zenu zote hazina maana.

Najua kuna watakaosema, "Mashindano ni mashindano, mwenye nguvu aende zake, aliyechoka asingekuja." Sawa kabisa, kama umejiandikisha peke yako. Kimbia, chukua medali, tutakupigia makofi. Lakini ukishatumia neno timu kuombea udhamini, umechukua deni. Huwezi kula hela ya wengi halafu ukafika kama mmoja.

Na hili sio la picha tu, kuna roho za watu. Kilimanjaro ina mita 5,895. Ugonjwa wa kule juu unaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, ukizidi mtu anayumba na kuongea vitu visivyoeleweka, na mara nyingi mwenyewe hajijui kama hali ni mbaya. Wa kumwona ni mwenzake. Dawa ya kwanza ni kumshusha, na hashuki peke yake. Sasa kama wenzake wote wanakimbizana na picha ya kileleni, nani atamwona? Kujikaza mbele ya kamera kunaweza kuua.

Dada zetu nao wanaonewa kwenye hizi timu. Wanawekwa ili picha ipendeze, halafu njiani wanaitwa mzigo. Kwenye mbio za Fiji hiyo haipo, maana timu bila jinsia zote haianzi. Na saa nyingi za kukosa usingizi zikishapita, wenye vifua vipana wanajikuta wanamtafuta aliyebaki na akili ya kusoma ramani. Mara nyingine ni yule yule waliyemuona mzigo.

Kwa hiyo mastaa wetu, hii ni challenge ya kweli. Chagueni wanne, njooni Biharamulo. Lipeni vijana wa Ngara wawaongoze njia, tena muwalipe vizuri, sio kuwapa tisheti. Posteni picha moja tu, ya siku ya mwisho, mkiwa wanne wote na matope yenu. Ikikosekana sura moja, msiiposti.

Na wewe msomaji, kwenye kundi lako la washkaji, la kazini au la mazoezi, nani huwa anabaki nyuma? Mara ya mwisho nani alirudi kumchukua? Tuambiane hapo chini.