Taipu za Python: weka pale pesa za watu zinapita

Mwezi uliopita nilifanya chama cha mathe kiwe na bilioni 200. Kwa skrini tu, msishtuke.

Tunaishi Kayole. Mathe na wenzake wanachanga mia mbili kila wiki, na daftari lilikuwa limejaa. Nikawaandikia programu ndogo ya Python: unaweka mchango, unaweka wiki, unapata jumla. Mia mbili kwa wiki 4, nikangoja 800. Ikatoa 200200200200.

Shida ilikuwa yangu. Kitu ukiandika kwa kibodi, Python inakipokea kama maandishi, si namba. Wiki nilizigeuza kuwa namba, mchango nikausahau. Na maandishi ukiyazidisha mara 4, yanarudiwa mara 4. Python haikulalamika hata kidogo.

Hapo ndipo nilielewa taipu. Ukiandika mchango: int, unasema wazi kwamba hapa inaingia namba kamili. Mtindo huu ulikuja rasmi na Python 3.5, mwaka wa 2015. Lakini skiza: Python yenyewe haikagui hizo taipu programu ikienda. Unahitaji kikaguzi kama mypy, ndio ikwambie umeleta maandishi kabla wamama hawajakucheka.

Tena taipu zinakufikirisha. Namba ya simu ni int ama str? Ukiifanya int, ile sifuri ya 07 inapotea. Hakuna mtu hujumlisha namba za simu, kwa hivyo hayo ni maandishi.

Sasa presha. Msee ameanza juzi, anajifunzia kwa simu na bando ya saa moja. Anaonyesha mistari yake kumi, anaambiwa, "Huna taipu, wewe si programa." Hiyo ni kiburi tu. Waliozileta, akiwemo Guido van Rossum aliyeanzisha Python, walisema kwa pendekezo lao, PEP 484, kwamba hawataki kuzifanya lazima.

Msimamo wangu? Programu ya kujaribu jaribu, achana nazo. Pesa za watu zikipita, ama mtu mwingine akija kusoma kazi yako, weka.

Mathe hajui int ni nini. Lakini kwa daftari lake, kila namba ya pesa ina "sh" kando, ndio isichanganywe na tarehe. Hiyo ni taipu, na alianza kuiweka kabla nizaliwe.