Efekti mia za nini? Tununue springi kwanza!

Najua nimepotea. Majaribio yalinikaba koo, na siku zote nilizotakiwa kukaa niandike nilikuwa maktaba najifanya nasoma. Sasa yameisha, nimepumua, na kuna jambo linanikereketa tangu Jumatano.

Jambo lenyewe ni pedali za gitaa. Haya, chekeni kwanza mmalize, mimi nasubiri.

Mnaokaa karibu na bwalo mnatujua, ni sisi tunaowapigia kelele kila Jumamosi. Tuko wanne: mimi solo, mshkaji wa ridhim, dada wa besi na dogo wa dramu. Muhula huu tumeamua kupiga muziki wa mawimbi, ule ambao Wamarekani wanauita surf. Hauna mwimbaji. Gitaa ndilo linaloimba, na linalia kama limelowa maji. Basi tukachangishana kwa miezi minne tukafikisha laki tatu na nusu. Ndipo ugomvi ukaanza.

Mshkaji wa ridhim ana binamu yake Kariakoo aliyeona mashine moja iliyotumika, ina efekti mia ndani yake. Mia! Ina mwangwi wa kanisa, mwangwi wa pango, sauti ya roboti, sauti ya helikopta sijui. Anataka hela yote iende huko. Mimi nikasema hapana, tutafute boksi moja tu la mwangwi wa springi, na chenji ikibaki tununue tremolo. Tukabishana mpaka dada wa besi akatukatiza: "Kaka zangu, humo ndani laki na nusu ni ya korosho za mama kule Newala. Mkinunua takataka mimi nikamwambie nini?"

Duh. Tukanyamaza wote. Kwa hiyo leo namjibu yeye. Nyie wengine mnasoma barua ya mtu tu, karibuni.

Dada, kwanza ujue jamaa walioanzisha muziki huu hawakuwa na pedali kabisa. Kule California mwanzoni mwa miaka ya 60, Dick Dale alikuwa na gitaa lake la Fender Stratocaster, nyuzi nene kama waya wa kufungia mizigo, na amplifaya kubwa iliyofunguliwa mpaka mwisho. Jamaa aliunguza amplifaya na spika nyingi sana mpaka Leo Fender, mwenye kiwanda, ikabidi atengeneze zenye nguvu zaidi. Mwaka 1961 Fender wakatoa boksi la mbao lenye springi ndani. Linakaa kati ya gitaa na amplifaya, na lina nobu tatu tu. Moja inaamua springi zisukumwe kwa nguvu kiasi gani, ya pili inachanganya sauti kavu na iliyolowa, ya tatu ni ya kung'arisha au kufifisha. Kwisha! Ile sauti mnayoisikia kwenye "Pipeline" ya The Chantays ya 1963, ya matone yanayodondokea kwenye pipa, ndiyo hiyo ya springi.

Inafanyaje kazi? Sauti ya gitaa inageuzwa kuwa mtikisiko, unaingia upande mmoja wa springi, unakimbia hadi upande wa pili, unagonga, unarudi, unakwenda tena, kila safari ukipungua nguvu. Kule mwisho kuna kifaa kinaugeuza kuwa umeme tena. Sasa springi si ukuta wa kanisa. Kwenye springi sauti kali na sauti nzito hazikimbii kwa mwendo mmoja, zinapishana njiani, ndiyo maana ukiziba nyuzi kwa kiganja karibu na daraja la gitaa ukapiga "tak!" unasikia "twiiip" ya majimaji. Mwangwi wa ukumbi hauna hiyo twiiip hata uuongeze vipi. Utapata ukungu tu, na noti zako zitapotelea humo.

Nimejuaje? Kwa kuungua, ndugu zangu. Mwaka jana bumu lilipotoka nilikimbilia kununua pedali ya distoshen, nikiamini gitaa bila kukwaruza si gitaa. Nikaichomeka, nikapiga wimbo wetu wa kwanza wa mawimbi, ikatoka sauti ya nyuki kwenye debe. Nikala maharage wiki tatu kwa ajili ya ile pedali. Iko chini ya kitanda mpaka leo, anayeitaka aje na chochote.

Halafu bahati ikaja bila kutafutwa. Parokiani kwa akina mshkaji kulikuwa na amplifaya ya zamani, haitoi sauti, imegeuzwa meza ya kuwekea vitabu vya nyimbo. Tukaomba, tukaipeleka kwa fundi redio mmoja mzee kule sokoni. Akaifungua, akatoa bati refu jembamba, akacheka: "Hizi springi mbona kama za kitanda cha mtoto?" Waya mmoja tu ulikuwa umekatika. Akauchomea kwa risasi, tukachomeka gitaa, nikapiga noti moja... jamani, mzee mwenyewe aliacha kucheka. Mnakumbuka ulivyokuwa uso wako siku ile, dada? Hakuna aliyeuliza efekti nyingine ziko wapi.

Hapo mshkaji ana hoja, na nitaisema kwa haki. Anasema: kama amplifaya ya parokia ina springi, kwa nini tununue nyingine? Kwanza si yetu, Pasaka ikifika inarudi. Pili, springi za ndani ya amplifaya nyingi zina nobu moja tu, ya kuongeza na kupunguza. Huwezi kuamua zisukumwe kiasi gani, na kule kusukuma ndiko kunakoleta yale matone. Boksi la pembeni linakupa usukani wote.

Hoja yake ya pili ni kwamba hata hiyo mashine ya efekti mia ina kitufe kimeandikwa springi. Sawa. Sisemi kila cha kidijitali ni kibovu. Boss waliwahi kutoa pedali inayoliga boksi la Fender la 1963, FRV-1, na waliopiga wanaisifia. Holy Grail ya Electro-Harmonix nayo ina sehemu ya springi inayojitahidi. Danelectro walikuwa na Spring King yenye springi za kweli ndani, na sehemu ya kuipiga teke makusudi ili itoe radi! Na kuna SurfyBear, inayofanya kazi ya boksi la Fender kwa transista badala ya valvu za kioo. Ila mtu aliyetengeneza pedali moja kwa kazi moja ameihangaikia hiyo kazi. Mwenye efekti mia, hiyo ya springi ameiweka ili hesabu itimie. Ndivyo ninavyoona, na kwa hela ya mtu mwingine siwezi kubahatisha.

Haya, tuje kwenye kuzipanga, maana hapa wengi wanakosea hata wakinunua vizuri. Utaambiwa kanuni ni kwamba mwangwi unakaa mwisho wa msururu wote. Kwenye muziki huu mimi sikubali. Kumbukeni boksi la Fender lilikaa kabla ya amplifaya, na tremolo ilikuwa ndani ya amplifaya. Maana yake springi kwanza, tremolo baadaye. Ukipanga hivyo, tremolo inatikisa kila kitu pamoja na mwangwi wenyewe, sauti nzima inapumua kama maji yanayopanda na kushuka. Ukigeuza, tremolo inakatakata noti halafu springi zinakuja kuziba mapengo, na hela yako ya tremolo imekwenda bure.

Ukilazimika kutia ovadraivu, weka kidogo sana na iwe kabla ya springi. Ikikaa baada ya springi itayakwaruza yale matone yote yawe uji. Ukitaka eko ya kurudiarudia, kama ya Hank Marvin kwenye "Apache" ya The Shadows ya 1960 (yeye alitumia mashine ya Kiitaliano, Meazzi), nayo iingie kabla ya springi na irudie mara moja au mbili tu. Kompresa tuisahau, inabana ule mpigo mkali ambao springi zinausubiri. Tyuna iwe ya kwanza kabisa, na tafadhali itumike. Simtaji mtu.

Kingine ambacho hakuna tangazo litakuambia: springi za kweli zinaogopa vishindo na zinaogopa transfoma. Siku ile ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza jukwaa lilikuwa la mbao, na amplifaya ya parokia tumeiweka hapo hapo juu. Watu wakapanda kucheza, kila wakikanyaga springi zinapiga "ngurumooo!" Nusu ya ukumbi walidhani mvua imekuja. Sasa tunaweka kipande cha godoro chini yake. Na tulipobananisha adapta zote pembeni yake ikaanza kuunguruma mmmm kama jokofu bovu, tukasogeza adapta hatua mbili, kimya. Umeme nao mnaujua wenyewe, kwa hiyo pedali yoyote inayokubali betri ya volti 9 kwangu ina maksi za ziada.

Sasa kuna wale waliotuambia bwenini kwamba huu ni muziki wa wazungu wa mbao za kupanda mawimbi, sisi watoto wa Mtwara unatuhusu nini. Hii iliniuma zaidi ya mambo ya pedali.

Wimbo uliomtangaza Dick Dale ni "Misirlou", aliurekodi 1962. Wengi mnaujua kwa ile filamu ya Pulp Fiction ya 1994. Neno lenyewe lina asili ya Kituruki na Kigiriki, maana yake binti wa Misri. Misri! Wagiriki walikuwa wakiurekodi tangu miaka ya 20. Na Dick Dale, aliyefariki 2019, jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour, baba yake ana asili ya Lebanon, na ami yake alikuwa anapiga udi. Ule mpigo wake wa haraka, juu-chini juu-chini kwenye uzi mmoja, mtu yeyote aliyekaa karibu na mpiga udi anaujua.

Sisi huku tulipata wapi udi na kanuni? Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa pale Unguja. Taarabu ikatapakaa pwani yote. Ile ngazi ya noti inayoliza kwenye "Misirlou" ni ndugu wa hijazi ya taarabu. Nilimpigia bibi yangu pale Mikindani ule wimbo, gitaa tupu bila umeme. Aliuliza, "Hii ya harusi ya nani?"

Mawimbi ya kupanda kwa ubao kweli hatuna mengi. Ghuba yetu imetulia, ndiyo maana bandari ikawekwa hapa, na kule nje miamba ya matumbawe inayavunja mawimbi kabla hayajafika. Lakini nendeni Msimbati wakati wa kusi, tembeeni ufukweni kuelekea Ruvula, huko kwenye hifadhi ya bahari inayokwenda hadi mlango wa Ruvuma. Simameni mfumbe macho. Maji yanagonga mwamba kwa mbali, kimya kidogo, halafu mvumo unarudi umechelewa, mwembamba zaidi. Mimi nikisikia vile naona nobu tatu.

Kwa hiyo dada wa besi, pendekezo langu ni hili. Boksi la springi au pedali moja ya kazi hiyo, iliyotumika, kabla ya kulipa tuijaribu kwa macho yetu na masikio yetu. Binamu wa mshkaji si yuko Kariakoo? Atusaidie kutafuta hiyo, na atupigie simu ikiwa imechomekwa tusikie twiiip. Ikibaki hela, tremolo. Isipobaki, tremolo itasubiri bumu. Tukikosa kabisa, laki na nusu inarudi Newala ikiwa nzima, na hilo nimeshamwambia mshkaji, amenuna ila amekubali.

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi, pale pale nyuma ya bwalo. Anayekuja aje na adapta yake, ya kwetu imeanza kunuka moshi.