Usijenge roshani kabla ya kujua jua linapita wapi

Pita katika mtaa wowote mpya viungani mwa Nairobi, iwe ni Utawala, Ruai au Kitengela, uzitazame nyumba za familia zinazoinuka huko. Aghalabu kila nyumba ya ghorofa ina roshani, na aghalabu kila roshani inaelekea barabarani, barabara iwe upande wowote ule. Mwenye nyumba anataka wapita njia waione. Miaka mitatu baadaye ukipita tena, roshani hiyo imezibwa kwa pazia zito, au imetiwa vioo, au imejaa mitungi ya maji, baiskeli mbovu na gunia la makaa. Hakuna anayeketi pale.

Lawama isielekezwe kwa roshani yenyewe. Tatizo ni kwamba ilipangwa kama urembo, ilhali ni jambo linalohusu afya ya kila mtu atakayelala katika nyumba hiyo.

Kumbuka, msomaji, tunaishi wapi. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa Ikweta, na Mombasa iko digrii nne. Adhuhuri jua letu huwa juu sana mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kwa sababu hiyo ukuta wa kaskazini na ule wa kusini ni rahisi kuukinga. Slebu ndogo ya zege iliyotokeza sentimita 60 juu ya dirisha hutia kivuli cha zaidi ya mita moja adhuhuri ya Juni jijini Nairobi. Lakini peleka slebu iyo hiyo kwenye ukuta wa magharibi, kisha urudi saa kumi na nusu alasiri. Kivuli chake hakitazidi sentimita 40, na jua litakuwa limeingia hadi kitandani.

Jua hilo la alasiri ndilo la kuogopwa. Mawe ya kujengea hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku, saa ambazo watoto wanatafuta usingizi. Mtu mzima mwenye nguvu atalalamika tu, atafungua dirisha na kunywa maji. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaona joto. Bibi mwenye umri wa miaka 75 huenda asihisi kiu hata mwili wake unapokauka, na ikiwa anameza zile dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, hatari huzidi. Mwezi wa Februari na wa Machi, hasa Pwani, chumba cha magharibi kisichokuwa na kivuli si mahali pa kumlaza mgonjwa.

Wengi hudhani pazia nene litawaokoa. Pazia la ndani huzuia mwanga, lakini joto limekwisha kupita kwenye kioo na sasa limo chumbani pamoja nawe. Kinga ya kweli hukaa nje ya dirisha. Wazee wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walilijua jambo hili kabla ya shule za usanifu kufika kwetu. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, na madirisha yao wakayatia mbao nyembamba zilizolala mshazari, upepo upite na jua lisipite. Bara pia inawezekana. Ubao, mianzi, matofali yenye matundu, hata mkarakara uliotambaa juu ya waya utafanya kazi hiyo, na matunda utapata.

Hivyo basi rai yangu ni hii: fedha zikitosha kwa jambo moja tu, nunua kivuli cha upande wa magharibi na uiache roshani. Fundi atakunung'unikia. Mwache anung'unike, yeye hatalala humo.

Zikitosha kwa yote mawili, roshani iwe mashariki, na iwe wazi. Hapa ndipo ninapogombana na mtindo huu wa vioo. Miili yetu hutengeneza vitamini D ngozi inapopata miali fulani ya jua, na mifupa ya mtoto huihitaji vitamini hiyo ili ikomae. Miali hiyo haipenyi kioo cha dirisha. Mtoto anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu. Matege hayajatutoka, na mtoto wa ghorofani anayeshinda ndani na yaya mbele ya televisheni, mzazi akirudi giza limeingia, ndiye wa kuangaliwa. Maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Kwa mtoto huyo roshani ndiyo ua wake. Jua la alfajiri ni dhaifu kwa kazi hii, kwa hiyo mtoe baina ya saa tatu na saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi tu, na umuulize muuguzi wa kliniki ni muda gani unaomfaa. Jua peke yake halitoshi vilevile. Mifupa inataka madini ya chokaa, na hayo yamo katika maziwa na katika omena, ambao baadhi yetu tukishahamia mjini huwaona chakula cha kimaskini.

Ikiwa nyumbani kuna mwenye ualbino, hesabu hii hubadilika. Yeye anahitaji kivuli kila saa ya mchana, na hata hicho kivuli hakimtoshi iwapo sakafu ya roshani ni nyeupe inayorudisha mwanga usoni. Mpangie baraza lenye paa pana na sakafu ya rangi iliyopoa, na asiiache kofia yake.

Kuna sababu nyingine ya kutoifunga roshani. Familia nyingi huwashia jiko la makaa pale. Ikishatiwa vioo, moshi wa makaa usioonekana wala kunusika hujikusanya na kuingia vyumbani, nao huua watu usingizini.

Kuhusu vyuma vya kuzuia watu wasianguke, usikubali mapambo. Viwe na urefu wa mita 1.1 au zaidi kutoka sakafuni, visimame wima, na nafasi baina ya chuma na chuma isifike sentimita 10, maana kichwa cha mtoto kikipita mwili hufuata. Vyuma vilivyolazwa kama ngazi vinapendeza machoni na mtoto wa miaka miwili atavipanda kama ngazi. Viti na kreti za soda zisikae karibu navyo.

Hali kadhalika, roshani inayoning'inia bila nguzo hubebwa na nondo zilizo sehemu ya juu ya zege. Nimewaona mafundi wakizilaza chini, kama wanavyofanya katika slebu ya chumba, na kosa hilo haliwezi kuonekana zege likishamwagwa. Mlipe mhandisi aje azitazame kabla. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo usilipandishe pale bila yeye kusema.

Wewe uliyepanga nyumba, najua huna uwezo wa kusogeza ukuta. Lakini unaweza kwenda kuitazama nyumba saa kumi na nusu alasiri badala ya Jumamosi asubuhi, ugeuze kiganja chako kwenye ukuta wa chumba cha watoto, na usikie kama unaungua. Mwenye nyumba akikataa kukuonyesha saa hiyo, umekwisha kujibiwa.

Na wewe ambaye msingi bado haujachimbwa, mchukue fundi pamoja na ramani yenu mwende kwenye ploti saa iyo hiyo. Simameni mahali ambapo kitanda cha mama mzazi kitakaa, mtazame jua liko wapi, kisha fundi apige alama ya chokaa pale kivuli kinapotakiwa kuanzia.